Sifuri Tatu za Bibi Saa

Ofisini hakuna anayemwita wifi yangu kwa jina lake. Wote wanamwita Bibi Saa, mpaka mlinzi wa getini ambaye hata hajui kazi yake ni ipi. Shingoni huvaa saa ya kubonyeza, ile ya kupimia wakimbiaji, kwa kamba nyeusi, na haivui mpaka afike nyumbani avue viatu. Tangu kaka yangu alipomwoa nimekuwa nikimtania kwamba siku moja atamwambia mumewe, "Muda umekwisha, weka kijiko chini." Yeye hacheki. Hunitolea macho, kisha husema, "Wifi, wewe endelea kupiga domo, chai yako inapoa."

Nayasema haya mapema ili mjue kwamba mimi si mtu wa kumpamba. Tumekosana mara nyingi, na tukikosana tunanuniana wiki nzima. Lakini kwa jambo hili la binti wa fundi redio nitamsimamia, na kama kuna watu watakaochukia, basi wachukie.

Ofisi yetu iko ghorofani, juu ya ghala la madawati mabovu. Ina chumba cha nje, ambamo mimi nachapa ripoti na wazazi wanasubiri kwenye benchi, na chumba cha ndani chenye meza ndogo, viti viwili na dirisha lililopakwa rangi nusu ili mtoto asiangalie nje. Kazi yetu ni kupima akili za watoto. Shule ikiona mtoto anabaki nyuma, inamleta. Bibi Saa anajifungia naye, anamwuliza maswali, anampa picha za kupanga na vijitofali vya mbao vya kujengea michoro, na pembeni saa inahesabu. Akitoka, ana alama mkononi.

Sasa hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika, na mimi nilidanganyika miaka mingi japo nilikuwa nikizichapa kila siku. Namba inayoandikwa kwenye ripoti siyo hesabu ya maswali aliyopata mtoto. Akishapata alama zake, Bibi Saa anafungua jedwali nyuma ya kitabu cha mwongozo, anatafuta umri wa mtoto, na jedwali linamwambia mtoto huyu amesimama wapi kwenye foleni ya watoto wa umri wake. Aliye katikati kabisa ya foleni anapewa mia. Wengi wako karibu karibu na hiyo mia, na kadiri unavyoshuka ndivyo watu wanavyopungua. Kamati yetu ilichora mstari kwenye sabini. Ukiwa juu yake, unabaki shuleni kwako na wenzako. Ukiwa chini, unapelekwa kitengo cha bweni, mwendo wa nusu siku kwa basi, pamoja na wale wanaowaita watoto wazito.

Na hiyo foleni ni ya watoto gani? Nilimwuliza wifi siku moja. Akaniambia ni watoto waliopimwa na wenye kitabu, huko kitabu kilikoandikwa, zamani kidogo. Nikamwuliza kama wetu walikuwemo. Akasema, "Usinichokoze, nina kazi."

Alikuwa anakipenda kile kitabu, na alikuwa na sababu. Alipokuwa msichana alifaulu vizuri, nafasi ya kuendelea na masomo ikaja moja shuleni kwao, na mwalimu mkuu akampa mtoto wa dada yake. Yeye akaambiwa ana haraka gani, asubiri mwakani. Mwakani haikuja. Alisoma kwa kuungaunga, akawa mwalimu wa madarasa ya chini, na alipopelekwa mafunzo ya upimaji akakutana na kitabu ambacho hakimjui mjomba wala shangazi. Maneno ya kumwambia mtoto wa mkubwa ni yale yale ya kumwambia mtoto wa mfagizi. Muda ni ule ule. Ukisema "tayari," kinachoandikwa ni kilichopo mezani, basi. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa haki, na sijawahi kumwona akipindisha neno hata moja, hata alipoletewa mtoto wa bosi wetu.

Binti wa fundi redio alikuja akiwa na miaka minane. Alikuwa mwembamba, sare imepigwa pasi mpaka inang'aa, na aliponiamkia aliinamisha kichwa. Barua ya mwalimu wake ilisema hamalizi kazi kwa wakati, hanyoshi mkono darasani, na akiulizwa jambo anakaa kimya kwanza. Bibi Saa akamchukua ndani.

Wifi alitoka amekunja uso. Tulipokuwa tunakula mchana akaniambia, "Yule mtoto ni mkaidi. Kwenye vijitofali nimempa mchoro wa kwanza, ameujenga, ameubomoa mbele ya macho yangu, amevirudisha vyote kwenye kisanduku, halafu ananiambia tayari. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo."

"Sasa umempa ngapi?"

"Mezani kulikuwa na nini? Hakuna kitu. Sifuri, sifuri, sifuri. Na ukipata sifuri tatu mfululizo, kitabu kinasema simamisha, usiendelee na michoro iliyobaki."

Na kweli ilibaki michoro mingi. Mtoto hakupewa hata mmoja. Alama za sehemu ile zikawa kama za mtoto asiyejua kushika kijiko, zikajumlishwa na nyingine, jedwali likafunguliwa, na mimi nikachapa: sitini na nane.

Baba yake aliitwa wiki iliyofuata aje kusikia majibu. Alikuja na binti, mikono yake yeye baba ina alama ndogo ndogo za kuungua, akakaa ukingoni mwa benchi tu kama mtu asiyetaka kulichafua. Bibi Saa alikuwa ndani na mtoto mwingine. Nina kisanduku cha picha ya tembo ya kupangapanga, cha kuwatulizia watoto wanaosubiri, nikampa yule binti. Nikaendelea na kazi. Nilipoinua macho tembo alikuwa amesimama mezani, mkonga na masikio, kila kipande mahali pake. Simu ikalia, nikageuka kuipokea. Nilipogeuka tena hapakuwa na tembo. Vipande vilikuwa kisandukuni, mfuniko umefungwa, na yule mtoto alikuwa anaifuta meza kwa kiganja.

"Tayari, shangazi," akaniambia.

Niliweka simu chini. Nikamwuliza baba yake, "Huwa anafanya hivi hata nyumbani?"

Akadhani mtoto amekosea. Akaanza kuniomba radhi. "Samahani mama, ndivyo tulivyomzoeza. Sisi tuna chumba kimoja na meza moja. Hapo natengeneza redio za watu, na hapo hapo tunakula. Skrubu moja ikianguka ikapotea, redio ya mtu imeharibika. Kwa hiyo nyumbani kwetu huwezi kusema umemaliza kama meza haijawa tupu. Huyu ananisaidia tangu anajua kukaa. Akibakiza kitu mezani halafu aseme tayari, mama yake anamgombeza."

Kwani mnadhani mtu anahitaji kusomea nini ili aone kilichotokea pale? Nilimsubiri Bibi Saa atoke, nikamwambia pale pale mbele ya baba, bila kungoja chai wala faragha. Alinisikiliza amesimama mlangoni. Halafu akaenda akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Nitengenezee tembo tena, mwanangu."

Mtoto akampanga. Vidole vilikwenda bila kusita, na alipomaliza akaanza kumbomoa.

"Kwa nini unabomoa?"

Yule mtoto akamtazama kama anayeulizwa kwa nini watu wanafumba macho wakilala. "Kwa sababu nimemaliza," akasema.

Bibi Saa aliinuka, akaenda kukaa kwenye benchi la wazazi, karibu na fundi redio, na nikaona mkono wake umeishika ile saa kifuani. Sijawahi kumwona wifi yangu akilia, na siku ile pia hakulia, lakini uso ulimbadilika nikaogopa.

Kabla ya kamati kukaa hakulala vizuri, kaka aliniambia. Alikisoma kitabu upya, jalada hadi jalada, akitafuta mahali panaposema mtoto akibomoa mwenyewe kazi yake nzuri ufanye nini. Hapakuwepo. Waliokiandika hawakuwahi kuota kwamba kuna nyumba ambayo meza ni moja.

Mimi ndiye niliyekuwa naandika kumbukumbu za kikao, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Kamati ina mwenyekiti mwenye sauti ya upole mno, ambaye hajawahi kukaa na mtoto katika kile chumba cha ndani hata siku moja, na wajumbe wawili ambao huitikia kwa vichwa. Bibi Saa alisimama. Alieleza michoro mitatu ilivyojengwa na ilivyobomolewa, akaeleza meza ya fundi redio. Akaomba matokeo yafutwe na mtoto apimwe upya.

"Mama," mwenyekiti akasema, "mtoto aliposema tayari, mezani kulikuwa na nini?"

"Hapakuwa na kitu. Lakini niliona kwa macho yangu kwamba amejenga. Sawasawa kabisa, na muda ulikuwa bado."

"Kitabu kinasema uandike ulichokiona kabla, au kilichopo?"

"Kilichopo."

"Basi ulifanya kazi yako vizuri. Unajilaumu nini?"

Vichwa vikaitikia. Bibi Saa aliwaambia kwamba hata bila hizo sifuri, kipimo chenyewe huyumba. Mtoto yule yule akipimwa leo na keshokutwa, namba inaweza kupanda au kushuka kidogo bila akili yake kubadilika hata chembe, kwa sababu ya usingizi, njaa au woga. Sitini na nane inaweza ikawa sabini na mbili. Aliwaambia kwamba namba haikupima kilichomo kichwani mwa mtoto, ilipima kama tabia zake mbele ya mgeni mwenye saa zinafanana na tabia za watoto wa kwenye jedwali. "Nimempima adabu ya nyumbani kwao," akasema, "nikaiandika kuwa ni uzito wa akili."

Mwenyekiti akatabasamu. Nalichukia lile tabasamu mpaka leo. "Mama, kila mtoto ana kwao. Tukianza kusikiliza ya kila nyumba, kipimo kitabaki na kazi gani? Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kwamba hapa hakuna upendeleo."

Alimpiga pale pale pa kumwumiza. Na kuhusu kupimwa upya, kitabu kilikuwa wazi: mwaka mzima upite, kwa sababu mtoto aliyeviona vijitofali jana atavikumbuka leo. Kwa huo mwaka mtoto aende kitengo. Shule yake nayo ikasema haina nafasi ya mtoto aliye chini ya mstari. Fundi redio alipewa kalamu, akatia saini huku akiuliza kama huko bwenini kuna wa kumsuka nywele.

Nilimwambia wifi, "Ungebadilisha tu alama kimyakimya. Nani angejua?"

Akaniangalia kwa ukali. "Na nafasi yangu mimi ilichukuliwaje? Si kwa mtu kubadilisha kimyakimya?" Tukanuniana wiki nzima.

Alikwenda kumtazama mtoto mara kadhaa kwa nauli yake mwenyewe, na mara moja tulikwenda wote. Sisemi kwamba wanawapiga. Ni pasafi, na walezi wanaongea taratibu. Lakini watoto wanakaa mikono mapajani mpaka waambiwe waanze. Wakipewa shanga, wanasubiri waambiwe rangi gani kwanza. Anayeanza kabla hajaambiwa, kazi yake inachukuliwa na kuwekwa juu ya kabati. Nilimwuliza mlezi mmoja kwa nini, akasema watoto wa aina hii wakiachiwa wanachanganyikiwa. Binti wa fundi redio alikuwa mstari wa mbele. Aliniamkia baada ya mlezi kumwambia aniamkie.

Mwaka ulipopita baba akamrudisha ofisini kwetu. Mwenyekiti aliamuru Bibi Saa ampime yeye mwenyewe, asije mtu akasema mpimaji kabadilika. Safari hii wifi aliniomba niache mlango wazi kidogo, nami nikasogeza kiti.

Mtoto hakubomoa kitu. Alijenga mchoro wa kwanza na kuuacha mezani. Mioyo yetu ilitulia kidogo. Halafu tukaanza kuona. Kila akiweka kijitofali kimoja, anainua macho kumtazama Bibi Saa usoni. Anasubiri. Kitabu hakiruhusu mpimaji kusema "ndiyo" wala kutikisa kichwa; anatakiwa akae uso mkavu. Kwa hiyo mtoto anasubiri, saa inakwenda, halafu kwa woga anaweka kingine, anainua macho tena. Michoro aliyoijenga mwaka jana ndani ya muda, na mwingine ukingali umebaki, sasa mingine muda ulimwishia akiwa nusu. Aliulizwa maneno aliyoyajua, nikasikia sauti ndogo, "Niseme?"

Bibi Saa alijumlisha alama mara tatu. Hazikushuka. Zilizidi zile za mwanzo, kwa kidogo sana, kwa sababu safari hii hapakuwa na sifuri tatu mfululizo za kumsimamisha. Halafu akafungua jedwali. Lakini mtoto sasa ana miaka tisa, na ukurasa wake si ule wa mwaka uliopita. Foleni ya watoto wa miaka tisa imesogea mbele, walikuwa shuleni mwaka mzima wakijifunza, wakati yeye alikuwa anasubiri kuambiwa ushanga wa rangi gani. Alama ni zaidi, namba ni ndogo. Nilichapa mwenyewe: sitini na tano. Kwa hasira nikakosea, ikabidi nianze karatasi upya.

Kamati ilikaa alasiri ile ile. Fundi redio na binti walibaki kwenye benchi nje. Bibi Saa aliwaeleza kila kitu, safari hii bila kusimama. Aliwaeleza ukurasa wa miaka minane na ukurasa wa miaka tisa. Aliwaeleza macho ya mtoto. Akasema, "Mwaka jana tulimwandika mzito, tukampeleka mahali pa wazito, wamemzoeza uzito, leo tumempima tena. Mnataka ushahidi gani mwingine?"

Mwenyekiti alikuwa ameziweka ripoti mbili sambamba mbele yake. Uso wake ulikuwa umechangamka kabisa.

"Sitini na nane," akasoma. "Sitini na tano. Ndugu wajumbe, mnaona? Pale pale. Mwaka mzima umepita na kipimo kimesema jambo lile lile. Kipimo kizuri ndivyo kilivyo." Akainuka, akaja upande wetu wa meza na kumnyoshea Bibi Saa mkono. "Mama, ulijitesa bure. Hukukosea tangu mwanzo. Hongera sana."

Na wajumbe wakapiga makofi. Wallahi walipiga makofi. Nikatakiwa niandike kwenye kumbukumbu kwamba kamati imempongeza mpimaji, nami sikuandika, na mpaka leo karatasi ile ina nafasi tupu mahali hapo. Bibi Saa aliutazama ule mkono uliokuwa mbele yake. Hakuushika. Alichukua kitabu chake cha mwongozo, akatoka, na mimi nikamfuata.

Nje fundi redio alisimama mara tu alipotuona. Nadhani aliyasoma majibu usoni mwetu. Akasema taratibu, "Simrudishi kule. Hata kama hakuna shule itakayompokea, simrudishi." Wifi akasema, "Usimrudishe, baba." Lilikuwa neno la kwanza maishani mwake kumwambia mzazi kinyume cha uamuzi wa kamati, na alilisema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani.

"Twende nyumbani," fundi redio akamwambia binti yake, akamnyoshea mkono.

Mtoto hakuinuka. Mikono ilikuwa mapajani. Hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kitambulisho cha ofisi shingoni, akasubiri niseme.

"Nenda, mwanangu," nikamwambia. "Nenda na baba yako."